Vifaa Vinapogombania Nafasi Moja: Migongano Ndani ya Kompyuta Kuukuu za Nyumbani, Bunagana

Mgongano wa vifaa hutokea pale vifaa viwili vya kompyuta vinapodai kitu kimoja ambacho mashine inaweza kukipa kimoja tu. Kitu hicho chaweza kuwa laini ya kumwitia prosesa, anwani ya kupitishia data, namba ya mlango, herufi ya diski, au hata umeme mdogo unaotoka kwenye tundu la USB. Dalili zake hufanana mno: kipanya huganda, sauti hukwama na kujirudia, printa hunyamaza, modemu hukata, mashine hujizima na kuwaka upya. Kwa kuwa dalili hufanana na sababu hazifanani, utatuzi wote umo katika swali moja: ni nini hasa kinachogombaniwa? Fundi anayeshika bisibisi kabla ya kulijibu swali hilo anabahatisha, na kubahatisha ni gharama kubwa mahali ambapo kipuri hakipatikani mtaa wa pili.

Bunagana ni mahali pa namna hiyo. Ni mji wa mpakani katika wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini, chini ya milima ya Virunga. Hapo ndipo barabara inayotoka Kampala kupitia Mbarara, Kabale na Kisoro inapoingia Kongo na kuendelea Rutshuru hadi Goma. Mawakala wa forodha, walimu, wenye sekretariati za kuchapa na kutoa nakala, na familia zenye watoto shuleni wamekuwa wakinunua kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Nyingi zilikaa kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, zikashushwa bandarini Mombasa, zikauzwa Kampala, ndipo zikavuka mpaka. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji huo tarehe 13 Juni 2022, kutegemea kwamba kadi au kebo fulani itafika wiki ijayo kumekuwa kugumu zaidi. Kujua kilichoharibika bila kununua chochote cha kujaribia kumekuwa ujuzi wenye thamani kuliko ule wa kubadilisha vipuri.

Kompyuta inayozungumziwa hapa ni ile ya mezani iliyoundwa kati ya mwaka 1995 na 2010 hivi: Pentium III, Pentium 4 au ndugu zake, yenye Windows XP au Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na watengenezaji wengi wa vifaa waliacha kuziandikia draiva mpya muda huo huo au kabla yake. Kifaa cha leo kinaweza kukataa kwenye mashine ya jana kwa sababu hiyo tu, bila ugomvi wowote.

Kuna malalamiko mengine yanayofaa kuondolewa njiani mapema. Mashine iliyopitia Uganda huja na kibodi ya mpangilio wa Kiingereza, QWERTY, lakini wachapaji wa Kongo wamezoea ule wa Kifaransa, AZERTY. Kibodi inapokuwa ya aina moja na Windows imepangwa kwa aina nyingine, kubonyeza A huleta Q, na kubonyeza M huleta alama ya uandishi. Wengi huleta kibodi kwa fundi wakidhani imegongana na kifaa kingine. Hiyo hurekebishwa kwenye mipangilio ya lugha, na kibodi ni nzima.

Chanzo cha migongano ya kweli kiko katika uamuzi wa zamani. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, iliipa kidhibiti kimoja cha Intel, 8259A, chenye laini nane ambazo mafundi huziita IRQ. Kifaa kinachotaka prosesa iache kazi yake na kukihudumia hupeleka ishara kwenye laini yake. Mtindo wa AT wa mwaka 1984 uliongeza kidhibiti cha pili. Laini moja ikatumika kuviunganisha viwili hivyo, zikabaki 15. Idadi hiyo yaonekana kubwa mpaka mgao wenyewe utazamwe. Saa ya mfumo ilichukua 0, kibodi 1, diski laini 6, saa ya kalenda 8, kipanya cha PS/2 kikachukua 12, kikokotoo cha hesabu 13, na njia mbili za IDE za diski kuu zikachukua 14 na 15. Milango ya COM iligawana mbili tu: COM1 na COM3 kwenye laini ya 4, COM2 na COM4 kwenye laini ya 3. Printa ya mlango wa LPT1 ilikaa kwenye 7. Kadi ya sauti, kadi ya mtandao na modemu ziligombania 5, 9, 10 na 11.

Hapo ndipo visa maarufu vya miaka ya 1990 vilipozaliwa. Kipanya kilichounganishwa COM1 kiliganda papo hapo modemu ya COM3 ilipoanza kupiga simu, kwa kuwa vyote viwili viliitia kwenye laini ya 4. Kadi za mwanzo za Sound Blaster mara nyingi zilitoka kiwandani zikiwa kwenye IRQ 7, laini ya printa. Mtu akichapa barua huku muziki unacheza, kimoja kati ya viwili hivyo kilikwama. Baadaye kadi hizo zilihamia IRQ 5, anwani 220, na njia za DMA (za kuhamisha data bila kupitia prosesa) 1 na 5, mpangilio ambao programu nyingi za enzi hiyo ziliuchukulia kuwa ndio wa kawaida. Kadi za mtandao za jamii ya NE2000 nazo kwa kawaida zilikaa anwani 300.

Sababu ya kutoweza kushirikiana ilikuwa ya kiumeme. Kadi za njia ya ISA, yaani ile ya matundu ya kadi ya kompyuta hizo za mwanzo, ziliita kwa kupandisha volti kwenye laini, na kidhibiti kilihesabu ule mpando wenyewe. Kadi ya kwanza ikiwa bado imeishikilia laini juu, mwito wa ya pili haukuonekana kabisa, kwa sababu hapakuwa na mpando mpya wa kuhesabu. Kadi iliyopuuzwa ilibaki ikisubiri, na mtumiaji akaona mashine imeganda. Dawa ilikuwa vijumpa: vipande vidogo vya plastiki vyenye shaba ndani, vinavyohamishwa kutoka jozi moja ya pini hadi nyingine ili kuipa kadi laini tofauti. Katika kadi nyingi za wakati huo jedwali la vijumpa limechapishwa kwenye ubao wenyewe, herufi ndogo nyeupe kando ya pini, na kulisoma kwa tochi kunatosha hata kama kitabu cha kadi kilipotea miaka ishirini iliyopita.

Njia ya PCI iliyotoka mwaka 1992, pamoja na Windows 95 ya Agosti 1995, ilibadilisha mambo. PCI haihesabu mpando. Inaangalia kama laini imeshikwa, na laini hubaki imeshikwa mpaka kila mwenye shida ahudumiwe. Kwa hiyo kadi kadhaa zinaweza kutumia IRQ moja, mradi kila draiva ijiulize kwa uaminifu kama mwito ni wa kifaa chake, na kama sio, impishe mwenzake. BIOS, yaani programu ya msingi ya ubao mama, na Windows zikaanza kugawa namba zenyewe. Mgongano haukwisha, ila ulihama kutoka kwenye namba kwenda kwenye tabia ya draiva na ya ubao mama.

Hapa ipo dhana potofu inayowapotezea mafundi muda mwingi. Kwenye mashine yenye XP, orodha ya vifaa mara nyingi huonyesha kadi ya mtandao, ya sauti, ya picha na milango ya USB, vyote juu ya IRQ moja, kama 9 au 11. Fundi aliyejifunza enzi za ISA huona orodha hiyo na kusema ameupata ugonjwa. Hajaupata. Windows ya aina hiyo ikitumia ACPI, mfumo wa kusimamia umeme na vifaa, kwenye ubao mama wenye kidhibiti cha zamani huvirundika vifaa vya PCI pamoja kwa makusudi, na kwa kawaida hufanya kazi salama. Kushirikiana huko kuhesabiwe kosa pale tu kifaa kimoja kinapoharibika kila mara kingine kinapofanya kazi. Hapo dawa nyepesi ni kuihamishia kadi kwenye tundu jingine la PCI, kwa sababu kila tundu limefungwa kwa laini zake kwenye ubao, na tundu lililo jirani na kadi ya picha ya AGP kwa kawaida hugawana laini nayo. Tundu hilo la jirani ni la kuepukwa kwa kadi ya sauti na ya mtandao.

Hata hivyo si kila ugomvi wa kadi ni wa IRQ. Mwaka 2001 ilidhihirika kwamba bodi zenye chipu ya VIA 686B zingeweza kuharibu data wakati mafaili makubwa yanaponakiliwa kati ya diski mbili, hasa palipokuwa na kadi ya Sound Blaster Live! ndani. IRQ zilikuwa sawa, alama za onyo hazikuwapo, lakini mafaili yalifika yameharibika. Suluhisho lilikuja kwa njia ya draiva za VIA na BIOS mpya. Bodi za jamii hiyo zikikutwa leo kwenye mashine inayoharibu mafaili, kadi ya sauti iliyoongezwa itolewe kabla ya kuishuku diski.

Katika mji wa mpakani ugomvi unaostahili kuchunguzwa kwa undani zaidi ni wa modemu za USB. Mwenye kompyuta Bunagana anaweza kuwa na modemu mbili, moja yenye laini ya Uganda na nyingine ya Kongo, akitumia ile yenye mnara unaosikika vizuri au vocha ya bei nafuu siku hiyo. Kila modemu ya 3G huja na programu yake ndani yake. Ikichomekwa mara ya kwanza hujitambulisha kama kisomeo cha CD, hufunga (husakinisha) programu, kisha hujigeuza kuwa modemu yenye milango miwili au mitatu ya COM. Modemu hizo mbili mara nyingi zimetoka kiwanda kimoja, kwa mfano Huawei, ingawa nembo za nje ni za kampuni mbili tofauti za simu. Programu ya pili inapofungwa huandika draiva zake juu ya zile za kwanza, na toleo lake laweza kuwa la zamani zaidi. Juu ya hapo programu zote mbili hujiwasha pamoja na Windows, na ya kwanza kuamka huushika mlango wa COM na kukataa kuuachia. Modemu ya pili itaonekana iko, taa yake itawaka, lakini programu yake itasema haioni kifaa.

Kuna tatizo la namba pia. Windows hukumbuka kila modemu pamoja na tundu ilikochomekwa, na huweza kuitengea namba mpya ya COM kila inapohamishwa. Baada ya miaka michache ya kuchomeka mbele, nyuma na kwenye kigawanyishi cha USB, mashine hufikia COM10 na kupanda, ilhali programu nyingi za zamani hazijui kufungua mlango wenye namba zaidi ya 9. Namba za chini zimeshikwa na mizimu: vifaa vilivyorekodiwa ambavyo havipo tena. Ili kuviona, dirisha jeusi la amri hufunguliwa, huandikwa set devmgr_show_nonpresent_devices=1, kisha katika dirisha hilo hilo start devmgmt.msc, na kwenye menyu ya kutazama huchaguliwa kuonyesha vifaa vilivyofichwa. Vifaa visivyokuwapo hutokea kwa rangi iliyofifia. Milango na modemu zilizofifia hufutwa moja moja. Vya mfumo wenyewe visiguswe.

Utaratibu unaodumu kwa modemu mbili ni kuondoa programu zote mbili, kufuta mizimu, kuanzisha upya, kisha kufunga draiva za toleo jipya zaidi kati ya hizo mbili bila kuruhusu programu kujiwasha yenyewe. Baada ya hapo muunganisho wa simu hutengenezwa ndani ya Windows kwa kupiga *99# na kuandika APN, yaani jina la kuingilia mtandao, ya kila kampuni, na kila modemu hupewa tundu lake la USB lisilobadilika, lenye alama ya wino juu yake. Modemu za kisasa zaidi, zinazojionyesha kama kadi ya mtandao badala ya mlango wa COM, zina ugomvi wao: nyingi hutumia anwani ile ile, 192.168.8.1. Mbili zikichomekwa pamoja, mashine haijui ipi ni njia ya kutokea. Ama moja ichomolewe, ama anwani ya moja ibadilishwe kupitia ukurasa wake wa mipangilio.

Printa za sekretariati hupatwa na jambo la karibu na hilo. Printa ya USB ikihamishwa kutoka tundu moja hadi jingine, Windows huweza kuifanya printa mpya na kuiongezea neno la nakala kwenye jina. Kazi huendelea kutumwa kwa ile ya kwanza, ambayo sasa haina mwili, na foleni hujaa. Mteja anasubiri, fundi anaitwa, wakati kinachohitajika ni kurudisha kebo mahali pake au kuifanya printa mpya kuwa ya kawaida. Herufi za diski nazo hugongana katika XP: folda ya mtandao ikiwa imepewa herufi E, flashi inayofuata katika mpangilio inaweza kupewa E hiyo hiyo na isionekane, hadi ipewe herufi nyingine katika dirisha la kusimamia diski.

Ugomvi wa umeme ndio unaosahauliwa zaidi. Tundu la USB 2.0 linaruhusiwa kutoa miliampia 500 kwa volti 5. Diski ya nje inaweza kuhitaji zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka, na modemu inayotafuta mnara ulioko nyuma ya mlima huongeza nguvu ya kurusha mawimbi na kula umeme mwingi zaidi. Vikichomekwa pamoja kwenye kigawanyishi kisicho na adapta yake, volti hushuka, kimoja hupotea na kurudi, na Windows huandika kwamba kifaa hakikutambuliwa. Matundu ya mbele ya kasha ni dhaifu kuliko ya nyuma kwa sababu umeme hupitia nyaya nyembamba ndefu. Ya nyuma yameunganishwa moja kwa moja na ubao mama. Modemu na diski ya nje vinastahili matundu ya nyuma, na kigawanyishi kibaki cha kipanya na kibodi.

Tatizo jingine linahusu mpaka moja kwa moja. Uganda hutumia plagi ya Kiingereza yenye pini tatu za mraba. Kongo hutumia soketi za pini za mviringo zilizoachwa na desturi ya Kibelgiji na Kifaransa. Kompyuta inapovuka, plagi yake hutiwa kwenye adapta ya bei rahisi ambayo mara nyingi haina njia ya ethi, au hukatwa na kufungwa nyaya mbili tu. Mashine itawaka vizuri. Lakini kichujio kilicho ndani ya pawasaplai kimeunganisha nyaya zote mbili za umeme na bati la kasha kupitia kapasita ndogo, na bila ethi bati hilo huelea karibu na nusu ya volti za ukutani, yaani takriban 110. Mkondo wake ni mdogo sana, hauwezi hata kuwasha balbu, ila mtu mwenye miguu mitupu anayegusa kasha huhisi mnyeso. Kebo ya printa au ya skrini inapochomekwa kati ya mashine mbili zinazoelea hivyo, tofauti ya volti hupita kwenye nyaya za data. Hapo hutokea kelele katika spika, USB kukatika ovyo, mistari kwenye skrini, na wakati mwingine mlango wa printa kuungua kabisa. Dalili hizi zote huandikwa kwenye daftari la mgongano, na hakuna draiva itakayoziponya. Tiba ni plagi yenye ethi ya kweli, na mpaka hapo itakapopatikana, vifaa vyote vya mashine moja viwe kwenye ubao mmoja wa soketi na kebo za data zichomekwe umeme ukiwa umezimwa.

Mashine zilizotoka Marekani zina hatari yao. Nyuma ya pawasaplai nyingi pana swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Ikibaki 115 na kuchomekwa kwenye 220 ya Kongo au 240 ya Uganda, pawasaplai hupasuka kwa kishindo. Swichi hiyo itazamwe kwa macho kabla ya plagi kuguswa, kila mara mashine ngeni inapoingia nyumbani.

Diski za IDE zina ugomvi mfupi kueleza. Kebo moja hubeba diski mbili, na kijumpa huamua ipi ni ya kwanza na ipi ya pili. Zote mbili zikiwekwa ya kwanza, BIOS haioni hata moja, au huona jina lililochanganyika herufi. Kwenye kebo ya nyaya 80, kichwa cha buluu huenda kwenye ubao mama, cheusi cha mwisho kwa diski ya kwanza, cha kijivu cha katikati kwa ya pili.

Betri ya BIOS inahitaji neno refu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayorudisha migongano iliyokwisha kutatuliwa. Ni sarafu ya volti 3, CR2032. Mashine iliyo na kadi ya sauti ya kuongeza hufanya kazi kwa sababu sauti ya kwenye ubao imezimwa katika BIOS. Betri ikifa, mipangilio hiyo hudumu tu wakati umeme unafika kwenye pawasaplai. Jenereta ikizimwa usiku, BIOS husahau, sauti ya ubao hujiwasha, na asubuhi mgongano umerudi. Fundi hulaumu Windows. Ishara ya wazi ni saa: tarehe ikirudi nyuma miaka mingi kila mara umeme unapokatika, betri ibadilishwe kwanza. Tarehe hiyo mbovu pia hufanya kurasa za intaneti zikatae kufunguka, na watu huishuku modemu.

Radi nayo huingia katika hesabu. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani, na radi inayopita kwenye waya wa mtandao huua kadi ya mtandao iliyo ndani ya ubao mama bila kuua ubao wenyewe. Mwenye mashine huongeza kadi ya PCI. Ile iliyokufa, isipozimwa kwenye BIOS, huendelea kudai laini na anwani, au hutoa miito isiyo na maana inayopunguza kasi ya mashine nzima.

Kuhusu ubovu unaojifanya mgongano, kapasita ndizo za kutazamwa kabla ya nyingine zote. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata kapasita mbovu. Kompyuta za ofisini za Dell OptiPlex GX270 na GX280 zinajulikana kwa hilo. Kapasita nzima ina kichwa bapa chenye msalaba; mbovu imevimba au imetoa ute wa kahawia. Mashine yenye kapasita zilizovimba huganda kifaa chochote kinapoongezwa, kwa hiyo kila kifaa huonekana mkosaji.

Uchunguzi wenyewe hufuata mwelekeo wa kupunguza. Vifaa vyote visivyo vya lazima huondolewa: hubaki ubao mama, RAM, diski, skrini, kibodi na kipanya. Mashine iliyo nusu uchi ikitulia kwa saa moja, vifaa hurudishwa kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja huwashwa na kufanyishwa kazi. Kuongeza viwili kwa mpigo huharibu ushahidi wote. Katika kila hatua hufunguliwa dirisha la kusimamia vifaa. Windows ya Kiingereza hulipa jina moja na ya Kifaransa jingine, lakini amri devmgmt.msc hulifungua katika zote mbili, na namba za makosa hazibadiliki kwa lugha. Namba 12 ndiyo ya mgongano halisi: rasilimali hazitoshi. Namba 28 yasema draiva haipo. Namba 22 yasema mtu amekizima kifaa. Namba 10 yasema kifaa hakikuweza kuanza, na 43 kwamba chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu. Hizi mbili huweza kuwa draiva, umeme au kifaa kufa. Amri msinfo32 huonyesha sehemu yenye orodha ya rasilimali zinazoshirikiwa. Kwa namba 12, BIOS ina kipengele cha kufuta kumbukumbu ya mgao na kugawa upya, na mlango wa COM au LPT usiotumika ukizimwa humo huachia laini yake kwa mwenye shida.

Kigezo cha kutenganisha ubovu wa kifaa na ubovu wa Windows ni kuwasha mashine kwa Linux kutoka kwenye CD au flashi, bila kuifunga kwenye diski. Kifaa kikifanya kazi humo, kiko hai, na tatizo liko upande wa draiva za Windows. Kikikataa humo pia, tatizo liko kwenye kifaa, tundu au umeme, ingawa baadhi ya vifaa adimu havina draiva ya Linux.

Kufuta diski na kufunga Windows upya ndiyo tiba inayotolewa haraka zaidi, na katika hali nyingi ni mbaya. Haigusi IRQ, vijumpa, ethi, betri wala kapasita. Inachofanya ni kufuta mizimu na draiva zilizochanganyika, jambo linaloweza kufanywa kwa mkono, na pamoja nayo hufuta barua, picha na hesabu za mwenye mashine. Mahali ambapo draiva zikipotea haziwezi kupakuliwa jioni ile ile, mteja anaweza kurudishiwa kompyuta safi isiyo na sauti, mtandao wala printa. Kabla ya uamuzi huo, folda za draiva zilizopo zinakiliwe kwenye flashi.

Draiva iliyokosekana hutafutwa kwa kitambulisho cha kifaa. Katika sifa za kifaa, kwenye ukurasa wa maelezo, huandikwa VEN na DEV kila moja ikifuatwa na herufi nne. VEN_8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 1106 ni VIA, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni ATI. Kwa vifaa vya USB huandikwa VID na PID: 12D1 ni Huawei, 19D2 ni ZTE. Namba hizo zikinakiliwa kwenye karatasi, mtu yeyote anayekwenda Goma au Kisoro kwenye intaneti nzuri anaweza kupakua draiva sahihi bila kuibeba kompyuta barabarani.

Mgongano huhesabiwa umekwisha pale tu vile vifaa viwili vilivyogombana vinapofanya kazi kwa wakati mmoja: printa ikitoa kurasa huku modemu ikipakua, au diski ikinakili faili kubwa huku sauti ikicheza. Kisha mashine huzimwa, plagi huchomolewa usiku kucha, na jaribio hurudiwa asubuhi, kwa kuwa mipangilio mingi hupona katika kuwasha upya na kupotea katika kukosa umeme kabisa. Mpangilio uliofanya kazi huandikwa: kadi gani iko tundu gani, nini kimezimwa BIOS, modemu ipi ni COM ngapi. Karatasi hiyo hubandikwa ndani ya mfuniko wa kasha, mahali ambapo fundi mwingine ataiona atakapofungua.

Hubaki mashine chache ambazo vifaa vyake haviwezi kukaa pamoja kwa vyovyote, kwa mfano kadi mbili za ISA ambazo vijumpa vya zote mbili vinaishia laini zile zile. Hapo mmoja lazima atoke. Katika nyumba inayoishi kwa kuchapa nyaraka za forodha, printa na mtandao ndivyo vya kubaki, na kadi ya sauti ifungwe kwenye karatasi kavu ikisubiri ubao mwingine.